SUNGURA MCHANGA NA MARADHI YA TUMBO: SIKU KUMI ZA KWANZA NDIZO ZA HATARI



Wengi wetu huku Rumonge na pwani yote ya ziwa, tangu Minago hadi Nyanza-Lac, tumeanza kufuga sungura. Sababu inajulikana. Shamba la mfanyakazi ni dogo, pengine ni kipande tu nyuma ya nyumba. Ng'ombe hana mahali pa kusimama, na mbuzi huingia katika mihogo ya jirani ugomvi ukazuka. Lakini sungura hukaa katika kibanda kidogo, hula majani, na jike hubeba mimba muda wa mwezi mmoja tu, siku 31 hivi, kisha akazaa. Ukiwatunza vema, watoto wa shule watapata madaftari na nyumbani mtapata kitoweo siku ambayo ndagala wameadimika sokoni.

Hata hivyo kila msimu tunasikia kilio kile kile. Mwenzetu mmoja, mkata mikungu ya chikichi, aliweka akiba ya faranga kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Akanunua sungura wanne wachanga, akawaleta nyumbani ndani ya katoni juu ya baiskeli. Watoto wake wakafurahi, wakawakatia marando mabichi ya viazi, wakawapa na kabichi, ile tuitayo shu. Siku ya nne mmoja alikuwa anahara. Mama wa nyumba akaona huruma, akampa matone ya dawa ya mtoto iliyobaki katika chupa. Juma lilipokwisha wote wanne walikuwa wamekufa, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu amewatazama kwa jicho baya.

Ndugu zetu, hapakuwa na jicho baya. Yalikuwepo makosa ya kawaida ambayo karibu kila mmoja wetu amewahi kuyafanya. Tumeona yafaa tueleze jambo hili kwa urefu, kwa maana hasara ya sungura wanne kwa mfanyakazi si hasara ndogo.

TUMBO LAKE NI KIWANDA KISICHOLALA

Kwanza tuelewe mnyama mwenyewe. Sungura tunayemfuga si yule sungura mjanja wa hadithi za bibi. Yule wa porini ni mwingine, huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wetu alitoka Ulaya, upande wa Hispania, na watoto wake huzaliwa vipofu na uchi ndani ya shimo au sanduku. Wala si jamii ya panya, kama wengine wanavyodhani. Wataalamu walikwisha kumtenga na panya tangu mwaka 1912.

Tumbo lake ndilo la ajabu. Chakula kikishapita tumboni huingia katika mfuko mkubwa ulio kwenye makutano ya utumbo mwembamba na utumbo mpana. Mfuko huu ni mkubwa kuliko tumbo lenyewe, nao umejaa vijidudu vyema, maelfu kwa maelfu, ambavyo kazi yao ni kuvundika majani. Akina mama wanaoloweka mihogo wanaifahamu kazi hii. Muhogo ukiloweka vizuri kwa siku zake, unalainika na sumu yake inapungua. Lakini ukitia uchafu ndani ya maji yale, au ukibadilisha mambo katikati, muhogo unaoza na kunuka, nawe utautupa. Tumbo la sungura ni chungu cha namna hiyo hiyo. Vijidudu vyema vikitulia, mnyama ananenepa. Vikivurugwa, vibaya hupata nafasi, hutoa gesi na sumu, na mnyama mchanga hufa kwa siku moja au mbili.

Tena kiwanda hiki hakilali. Wenzetu wa kwenye mashine za kukamua mawese wanajua kwamba chikichi lazima ziingie na mashudu lazima yatoke. Ukisimamisha upande mmoja, kila kitu kinakwama. Sungura naye hula kidogo kidogo mchana na usiku. Majani makavu yenye nyuzi ndiyo yanayosukuma utumbo wake. Akikosa kula saa 12, utumbo huanza kusimama. Na jambo lingine: sungura hawezi kutapika. Kilichoingia kibaya hakirudi mdomoni, ni lazima kipite njia yote.

Mtashangaa pia kumwona anakula mavi yake. Msimpige wala msidhani ana kichaa. Sungura hutoa mavi ya aina mbili. Ya kwanza ni makavu ya mviringo, hayo huyaacha. Ya pili ni laini, yameshikana kama kishada kidogo na yana utelezi. Hayo huyachukua mwenyewe kwa mdomo moja kwa moja kutoka nyuma, kwa sababu yana vitamini na lishe iliyotengenezwa na vijidudu vyake. Hiyo ndiyo afya yake. Lakini ukiona mavi laini yamezagaa sakafuni hayakuliwa, au yamegandamana matakoni, ujue kiwanda kimeanza kuharibika.

KWA NINI SUNGURA MGENI NDIYE ANAYEKUFA

Mtoto wa sungura huanza kuonja majani akiwa na majuma matatu hivi. Wakati huo bado ananyonya, na maziwa ya mama humkinga dhidi ya vijidudu vibaya. Akiachishwa, kinga ile hukatika kabla tumbo lake halijazoea majani. Kwa hiyo majuma kati ya la nne na la kumi ndiyo yenye maradhi mengi. Nasi, kwa bahati mbaya, huwanunua katika majuma hayo hayo.

Sasa tufikirini anachopata sungura huyu kwa siku moja. Ametolewa kwa mama na ndugu zake. Pengine ametoka milimani, upande wa Bururi penye baridi, akateremshwa hadi huku Imbo kwenye joto. Amesafiri katika katoni bila maji. Anafika kwenye kibanda kigeni chenye harufu ngeni, watoto wanamshika kutwa nzima, mbwa anamchungulia. Hofu peke yake yatosha kuupunguza mwendo wa utumbo. Halafu sisi, kwa upendo, tunamletea chakula ambacho tumbo lake halijakiona hata siku moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa sungura methali hii haifai. Mgeni huyu mwache apumzike siku kumi kamili.

Basi kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji maswali manne: Ana umri gani? Aliachishwa lini? Amekuwa akila nini? Je, kuna waliokufa katika kibanda hiki mwezi huu? Usinunue aliye chini ya majuma sita. Wa majuma manane ni bora zaidi. Mgeuze umtazame nyuma: pawe pakavu na safi. Macho yang'ae, tumbo liwe laini, si gumu kama ngoma. Kisha omba akupe fungu la chakula alichozoea, uondoke nalo. Ombi hili halina aibu, nalo limeokoa sungura wengi.

CHAKULA CHA SIKU KUMI

Siku tatu za kwanza mpe kile tu alichokula kwa muuzaji, pamoja na majani makavu mengi kadiri anavyotaka. Majani makavu hupatikana kwa urahisi: kateni ukoka au matete machanga, yaanikeni kivulini siku mbili tatu mpaka yakauke bila kuota ukungu, kisha myahifadhi juu pasipo na unyevu.

Kuanzia siku ya nne anza kuchanganya. Sehemu tatu za chakula cha zamani, sehemu moja ya chakula cha nyumbani kwako. Siku ya sita nusu kwa nusu. Siku ya nane sehemu moja ya zamani na tatu za kwako. Siku ya kumi amehamia. Kila asubuhi tazama mavi. Yakilainika, rudi nyuma hatua moja.

Majani mabichi yasitolewe yakiwa na umande au mvua, wala yakiwa yamerundikwa kwenye gunia mpaka yamepata joto. Yakateni, myatandaze kivulini yanyauke kwa nusu siku, ndipo mumpe. Marando ya viazi vitamu, kishona nguo na matete ni chakula kizuri kwa sungura aliyezoea, lakini mchanga aanze na jani moja mawili. Kabichi humjaza gesi, msimpe mchanga. Majani ya muhogo, yale ya kutwangia sombe, yana sumu yakiwa mabichi. Hata sisi hatuyali bila kuyatwanga na kuyachemsha. Msimpe mabichi. Majani ya viazi ulaya na ya nyanya vilevile yawekwe mbali.

Pumba za mahindi au za mpunga ni nyongeza tu. Ukimjaza pumba mchanga, wanga mwingi hushuka katika ule mfuko na kuamsha vijidudu vibaya. Tunashauri zisizidi vijiko viwili vya mezani kwa siku, na zisitolewe kabisa katika siku tatu za kwanza. Mashudu ya mawese tuliyo nayo kwa wingi huku yasubiri akue, tena kwa kiasi kidogo. Na pumba au karanga zenye ukungu zisitumike kamwe. Ukungu ule una sumu inayoharibu ini, na hauondoki kwa kuanika.

MAJI SI ADUI

Kuna usemi ulioenea kwamba sungura hanywi maji, eti majani yanamtosha, na akinywa atahara na kufa. Usemi huu umeua wengi. Sungura wa kilo moja huhitaji mililita 50 hadi 100 za maji kwa siku, na katika joto la Imbo zaidi ya hapo. Pasipo maji, majani makavu hukwama tumboni kama saruji.

Kinachoua si maji bali uchafu wa maji. Ya ziwani na ya mtoni yachemshwe na kupozwa kama yale ya mtoto mchanga. Chombo kiwe kizito asikipindue, au kifungwe ubavuni mwa kibanda juu kidogo asikikojolee. Kioshwe kila siku. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, mkague maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Kibanda kiwe kivulini, chini ya miembe au michikichi, maana sungura hatoki jasho kama sisi. Joto likipita nyuzi 30 hupunguza kula, na akiacha kula tumbo husimama.

KOKSIDIA, ADUI WA KWENYE MAVI

Baada ya makosa ya chakula, adui mkubwa ni koksidia. Huyu ni kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Hukaa katika utumbo au katika ini. Sungura mkubwa huweza kuwa naye bila kuugua, lakini huyatoa mayai yake katika mavi. Mayai yakitoka hayana hatari papo hapo. Yakipata joto na unyevu, hupevuka kwa siku moja hadi tatu hivi, na hapo sungura akiyameza pamoja na majani machafu, anaambukizwa. Ndiyo maana yale mavi laini anayoyala moja kwa moja hayamdhuru, bali mavi ya jana na juzi yaliyolala sakafuni ndiyo yanayomwua.

Mchanga mwenye koksidia hukonda mgongo ukatokeza, tumbo likavimba, manyoya yakasimama, akahara, mara nyingine kwa utelezi au damu. Ukichinja sungura na ukakuta ini lina mabaka meupe, ujue koksidia yumo katika kibanda chako. Tuongeze kwamba huyu si koksidia wa kuku, wala haambukizi watu. Hata hivyo kunawa mikono kwa sabuni baada ya kushika mavi ni lazima.

Dawa yake ya kwanza ni sakafu. Kibanda kiinuliwe juu ya ardhi kwa miguu ya miti, na sakafu iwe ya fito za mianzi zenye nafasi ya kupitisha mavi. Majani yasitupwe sakafuni, yawekwe katika kihori kilichoning'inizwa. Mavi yaondolewe kila siku, maana tukiyaondoa kabla mayai hayajapevuka tumekata mnyororo. Dawa nyingi za kuoshea sakafu haziyaui mayai hayo; yanayoyaua ni maji yanayochemka na jua kali. Na sungura mgeni akae peke yake majuma mawili hadi matatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

DAWA YA MTOTO USIMPE SUNGURA

Hapa tunaomba kila msomaji asimame kidogo, na anayesoma awasomee wale wasiojua kusoma.

Amoksisilini, ampisilini na penisilini ya kunywa ni dawa njema kwa mtoto wako zikiandikwa na mganga. Kwa sungura zikipita mdomoni ni sumu. Huua vile vijidudu vyema vya tumboni, vibaya vikabaki na kiwanda chote. Mnyama hufa baada ya siku chache, nasi tunadhani ugonjwa ndio uliomwua. Jambo hili si geni. Mwaka 1943, penisilini ilipokuwa bado mpya, wataalamu waliona kwamba iliwaua simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa sana ng'ambo ya ziwa huko Kivu, ambao tumbo lao linafanana na la sungura.

Kwa koksidia zipo dawa za salfa zinazotumika kwa sungura, lakini kipimo hutegemea uzito, na nyama isiliwe mpaka siku zilizotajwa na mganga ziishe. Kwa hiyo muulizeni veterineri, yaani bwana mifugo, kabla ya kununua unga wowote sokoni.

DALILI NA LA KUFANYA

Sungura huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu huliwa. Basi msingoje alale ubavu. Mwiteni haraka bwana mifugo mkiona lolote kati ya haya:

1. Hajagusa chakula tangu jioni hadi asubuhi.
2. Hakuna mavi mapya sakafuni, au ni madogo sana kama mbegu za mtama.
3. Anahara maji, utelezi au damu.
4. Tumbo limekaza kama ngoma, naye amejikunyata akisaga meno. Hayo ni maumivu.
5. Masikio yamekuwa baridi na mwili umelegea.

Wakati mnangoja, mtengeni na wenzake. Ondoeni majani mabichi na pumba zote, mwacheni na majani makavu na maji safi. Msafisheni nyuma na kumkausha, maana nzi huku kwetu hutaga upesi. Usiku mfunikeni asipate baridi. Ikiwa anameza vizuri na tumbo halijavimba, mpeni maji safi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo kupitia pembeni mwa mdomo, msimsukumie kwa nguvu yakaingia mapafuni. Tumbo likiwa limekaza, msimlazimishe kula wala kunywa.

Akifa, msimle. Kama bwana mifugo yu karibu, mpelekeeni mzoga siku ile ile aupasue atazame. Asipokuwepo, uzikeni kwa kina au uchomeni. Na kibanda kisipokee mwingine kabla hakijaoshwa kwa maji yanayochemka na kuanikwa juani.

TUFANYE PAMOJA

Mfanyakazi anayetoka alfajiri kwenda shambani au kiwandani hawezi kumtazama sungura kila saa. Kwa hiyo kazi igawanywe nyumbani. Mtoto wa shule ahesabu mavi asubuhi na kubadilisha maji. Mama au baba aanike majani jioni. Mwenye kupumzika Jumapili aoshe kibanda.

Na katika kambi zetu tunashauri mambo matatu. Wanaotaka sungura wanunue kwa pamoja kwa mfugaji mmoja anayefahamika, badala ya kila mtu kuokota wake gulioni. Wachange fedha kidogo kidogo za kumwita bwana mifugo, maana akija kwa watu kumi gharama hugawanyika. Na aliyepata hasara aseme wazi alifanya nini, bila haya, ili jirani asirudie kosa lile lile.

Hatusemi kwamba sungura ni badala ya mshahara. Mshahara wa haki ni haki ya mfanyakazi, awe na sungura au asiwe naye. Lakini akiba uliyoitoa jasho isizikwe nyuma ya nyumba kwa sababu ya jani lenye umande na chupa ya dawa isiyo yake.

Yule mwenzetu mkata mikungu alinunua tena wawili. Safari hii aliondoka kwa muuzaji na fungu la majani makavu begani, akawakataza watoto kuwashika kwa juma zima. Majirani walimcheka. Leo majirani hao hao wanakwenda kwake kuuliza bei ya watoto wa sungura, naye kabla ya kuwauzia huwauliza kama wameshaanika majani.